Spana Kichwani

Odeta alikuwa na udhaifu mmoja ambao Kasulo nzima iliujua: furaha ikimzidi, alicheka mpaka magoti yakalegea. Hakikuwa kicheko cha kufunika mdomo kwa kiganja. Kilianzia tumboni, kikapanda, kikamkata pumzi, na hapo ilimbidi aketi popote alipo, hata kama ni kwenye tope. Siku ya ndoa yake, padre alipomuuliza kama anamkubali Fideli kwa hiari yake mwenyewe, alicheka hadi akashika nguzo ya kanisa. Padre alikuwa mtu mpole. Alikifunga kitabu, kidole kikiwa ndani, akangoja.

"Nadhani hiyo ni ndiyo," alisema mwishowe, na kanisa zima likacheka pamoja na bibi harusi.

Ndiyo maana asubuhi ile Mzee Malongo alipowakusanya mafundi wa karakana na kuwatangazia zawadi yao, wenzake hawakumtazama Malongo. Walimtazama Odeta.

Ilikuwa Januari ya mwaka tisini na saba. Karakana ilikuwa mali ya shirika moja lililokuja pale wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa maelfu na vilima vya Kasulo vikageuka mji wa maturubai ya buluu. Malori ya maji, malori ya mahindi, magari ya wagonjwa, yote yalilala na kuamka mle. Odeta aliajiriwa kuwapikia mafundi chai. Siku moja nati ya starta ya gari la wagonjwa ilijificha mahali ambapo mkono wa mwanamume haupiti. Malongo akamwita mpika chai, akampa spana, akamwelekeza. Odeta akaifungua nati, akacheka, akakaa chini. Tangu siku hiyo chai ilipikwa na mtu mwingine.

Kisha Desemba ya mwaka tisini na sita ikaja, na Wanyarwanda wakarudishwa kwao. Siku zile barabara ilijaa miguu, magodoro na watoto, na hakuna aliyecheka, hata Odeta. Baadaye kimya kikatanda juu ya vilima vilivyobaki wazi, na shirika likaanza kufunga virago.

"Magari yanaondoka," alisema Malongo, Msukuma mnene mwenye sauti ya kutoka kisimani. "Jenereta inaondoka. Lakini vyombo vya mkono vinabaki, na wakubwa wamekubali viwe vyenu. Jumamosi kila fundi atachagua sanduku moja katika yale yaliyomo stoo, na atalijaza atakavyo. Masharti ni haya. Kifuniko kifunge. Ulibebe mwenyewe kutoka mlango wa stoo mpaka nje ya geti, usiburute, usisaidiwe, usitue. Na kitakachodondoka njiani kinabaki mali ya shirika."

"Na nikidondoka mimi, mzee?" aliuliza Matiasi, fundi wa breki kutoka Biharamulo, ambaye hakuwahi kuiacha sentensi ya mtu ipite hivihivi.

"Utabaki mali ya shirika."

Odeta alikuwa tayari chini, juu ya tairi kuukuu, machozi yakimtiririka.

Alikwenda nyumbani akikimbia. Mumewe Fideli, mkulima wa migomba, mrefu na mwembamba kama nguzo ya simu, alimkuta mkewe mlangoni akihema na kuonyesha vidole bila maneno. Ilichukua kitambo habari kutoka. Ilipotoka, Fideli alimwinua mkewe akamzungusha uani mpaka kuku wakatawanyika. Shangazi yake Fideli alikuwa na kiwanja Nyakahura, kando ya lami, karibu na gulio, na kwa mwaka mzima wawili hao walikuwa wakilala na kuamka na ndoto moja: gereji. Kiwanja kilikuwepo. Fundi alikuwepo. Kilichokosekana ni spana.

"Tufanye mazoezi," alisema Fideli.

Wakavuta sanduku la bati ambalo Odeta aliletea nguo zake siku ya harusi, wakamwaga nguo kitandani, na kuanza kulijaza vitu vya jikoni ili waone kitakachoingia. Jiwe la kusagia likawa nyundo. Miko ikawa spana. Viazi vikawa boksi spana, zile fupi za mviringo zinazofunika nati, vikubwa kwa vidogo.

"Hiki kiazi kina macho," alisema Fideli. "Umewahi kuona spana yenye macho?"

"Niachie. Hiyo ni namba kumi na saba."

"Na hii sufuria?"

"Toa sufuria, Fideli! Sufuria ni nini kwenye gari?"

"Ni… ni ya kupikia mafundi."

Mama yake Fideli, Deodata, aliingia bila kubisha hodi, akawakuta wanandoa wawili wamepiga magoti mbele ya sanduku la viazi, mmoja akimpiga mwenzake kwa mwiko. Deodata hakuwa mtu wa mchezo. Alikuwa mama wa kanisa, wa kitambaa cheupe kichwani, na tangu mkwewe aanze kuvaa ovaroli alikuwa akimtazama kama mtu anayetazama mvua ya msimu usio wake.

"Mnahama?" aliuliza.

Wakamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Na hao wanaume wengine watayabebaje masanduku yao?"

"Kwa mkono, mama. Yana mishikio."

"Na wewe?"

"Kwa mkono vilevile, mama."

Deodata akamtazama kana kwamba mkwewe amesahau jina lake mwenyewe. "Maji umeyabeba kichwani tangu hujaota meno ya ukubwani. Kuni kichwani. Mahindi kichwani. Leo umepewa chuma, ndiyo unataka kukining'iniza mkononi kama mkoba wa mwalimu?"

Odeta alimtazama Fideli. Fideli alimtazama Odeta. Kisha kicheko kikaja, na safari hii kiliwazoa wote. Fideli akakalia kiazi namba kumi na saba, na Deodata mwenyewe, kwa mara ya kwanza ndani ya nyumba ile, akavua kitambaa chake na kufutia macho.

Kuanzia kesho yake, kabla ya kwenda kazini, Odeta alipita kati ya migomba na sanduku la bati kichwani, limejaa mawe, Fideli akimfuata nyuma na kumhimiza kama kocha wa mpira. Kila asubuhi jiwe moja liliongezwa. Majirani walimwona. Siku ya tatu mwenyekiti wa jumuiya ya kanisa alifika jioni na mkewe, wakiwa wamevaa nguo za Jumapili, wakaomba kuzungumza na familia.

"Fideli," alianza mwenyekiti kwa sauti ya kumliwaza mfiwa, "ndoa ina majaribu. Lakini kumbebesha mkeo mawe…"

Odeta alitoka nje mbio. Walimsikia huko nyuma ya nyumba akigonga ukuta kwa kiganja. Mke wa mwenyekiti alidhani analia, akamfuata kumfariji, na aliporudi naye alikuwa akicheka, na mwenyekiti akabaki peke yake na hotuba yake.

Jumamosi ikafika na jua jembamba baada ya manyunyu. Nje ya geti walikusanyika wake, waume, na watu wa gulio waliosikia kwamba kutakuwa na kioja. Deodata alikuwa mbele ya wote. Alikuwa ameshinda siku mbili akisuka ngata ya majani makavu ya mgomba, nene, yenye shimo dogo katikati, na asubuhi hiyo alimpa mkwewe. Odeta akaisokomeza ndani ya ovaroli yake, akaonekana mjamzito, na Matiasi akampa hongera.

Malongo akafungua mlango wa stoo.

Odeta alikuwa ameingia mle mara nyingi kuomba spana na kuirudisha. Hakuwahi kuingia akijua kwamba vitu vilivyomo vinaweza kuwa vyake. Rafu zilimeta. Harufu ya grisi na mbao mpya ilimpanda puani kama harufu ya sikukuu. Alihisi kicheko kinajikunja tumboni, akakibana kwa mkono.

Kwanza masanduku. Yalipangwa ukutani. Lilikuwepo kubwa jekundu la droo, lenye magurudumu, refu kumfikia kifuani. Matiasi aliliwahi akalikumbatia kama ndugu aliyepotea. Yalikuwepo ya plastiki ya njano, mepesi kama kikapu. Odeta aliinua kifuniko cha moja, akakitikisa, akaona bawaba zake ni za plastiki hiyohiyo. Hizo zingevunjika kabla ya Pasaka. Lilikuwepo la chuma linalofunguka kama ngazi pande zote mbili, zuri mno, na mafundi wawili walikuwa wakilivutania. Odeta alilitamani. Alipopapasa chini yake akakuta miguu minne ya chuma, akafikiria utosi wake, akaliacha.

Aliposogea pembeni akaliona. Sanduku la bati nene, rangi ya kijani iliyochujuka, pana na fupi, lenye trei moja juu na tundu la kufuli. Aliligeuza. Chini lilikuwa bapa kama meza. Alibonyeza bawaba, akavuta mshikio, akabisha kwa kidole mpaka akasikia sauti nzito isiyo na kutu.

"Hilo la mkaa?" alicheka Matiasi.

"Hilohilo."

Badala ya kulijaza sakafuni kama wenzake, Odeta alilipandisha juu ya pipa la oili lililosimama karibu na mlango, likawa usawa wa mabega yake. Wenzake waliona, wakadhani anaogopa kuumiza mgongo. Mzee Malongo pia aliona, akageukia ukutani ghafla kana kwamba kuna kitu cha kusoma.

Halafu vyombo. Ee Mungu, vyombo! Odeta alikuwa amekuja na bolti mpya mfukoni, na kila spana aliyoiokota aliivisha kwanza kwenye kichwa cha bolti. Zile za kung'aa kama kijiko cha harusi zilicheza. Midomo ilikuwa imepanuka, na spana ya hivyo hula nati mpaka inakuwa mviringo. Kulikuwa na nyeusi, kongwe, zenye makovu, ambazo ziliing'ata bolti na kutulia. Alichukua nyeusi. Alichagua zenye mdomo wazi upande mmoja na pete upande wa pili, kuanzia nane mpaka kumi na tisa, kisha akaruka mpaka ishirini na mbili na ishirini na nne, maana pikapu na malori madogo ndiyo yangepita Nyakahura, siyo matrekta.

Rachi, mipini ya kuzungushia boksi spana, alizijaribu sikioni. Alizungusha moja, ikatoa sauti ya kukwaruza. Ya pili ikaruka meno. Ya tatu ikalia tiki-tiki-tiki laini kama mtu anayehesabu tasbihi haraka. Hiyo akaibusu. Hakuna aliyemcheka, maana fundi mwenzake, Nyandwi, mzee wa Kirundi, upande ule mwingine alikuwa akiongea na koleo.

Boksi spana ndizo zilimtesa. Zilikuwa zimelala ndani ya kasha lao la plastiki, kila moja kwenye kitanda chake, seti kamili, na kasha lenyewe lilikula nusu ya sanduku lake la kijani. Akaliingiza, akalitoa. Akaliingiza tena kiubavu. Kifuniko kikakataa. Hapo akakumbuka alichokiweka mfuko wa nyuma: soksi za Fideli za mpira wa miguu, zile ndefu za kufika gotini, alizozichukua ili kuzuia vyuma visigongane. Akazing'oa boksi spana vitandani mwao moja moja, kubwa zikatangulia kwenye soksi ya kulia, ndogo zikafuata kwenye ya kushoto, akafunga fundo. Soksi mbili nene zikalala kwenye kona kama samaki, na kasha likabaki tupu likimkodolea macho.

Akaongeza nyundo ya wastani. Bisibisi bapa na za msalaba, ndefu na fupi. Koleo mbili. Msumeno wa chuma, ambao ulipita kwa kulazwa mshazari. Tupa. Spana ya magurudumu. Bomba la grisi alilipima mkononi, akaona uzito wake ni wa vitu vitatu, akalirudisha kwenye rafu huku roho ikimuuma. Mwishoni kabisa pakabaki upenyo mmoja, na hapo akatia spana ile ya kuzungusha skrubu, inayopanuka na kubana, inayoshika nati ya saizi yoyote na ambayo mafundi wa nchi nzima wameipa jina la aibu.

Alikandamiza kifuniko. Kilifunga. Alisikia kicheko kinapanda mpaka kooni, akakimeza.

Matiasi alitangulia. Aliambiwa magurudumu hayaruhusiwi, akabisha, akashindwa. Akapiga magoti, akalikumbatia sanduku jekundu, akanyanyuka nalo! Umati nje ukapiga kelele. Alipiga hatua, akapiga nyingine, mishipa ya shingo imesimama. Bahati mbaya alikuwa amesahau kufunga droo. Ya juu ilitoka taratibu, kama mtu anayechungulia dirishani, ikampiga kidevuni. Akajipinda nyuma, ya chini nayo ikafunguka, spana zikamwagika *chwaaa* juu ya changarawe. Kila alipolisawazisha sanduku upande huu, droo ya upande ule ilitoa ulimi. Alifika getini akiwa amekumbatia ganda, na ndani yake zimebaki droo mbili. Akalitua, akageuka, akaitazama njia nyuma yake iliyometameta vyuma mpaka mlango wa stoo, akainua mikono juu kama mchezaji aliyefunga goli. Watu walikufa kwa kicheko. Tangu siku hiyo, Biharamulo hadi Nyakanazi, anaitwa Matiasi Droo, na yeye mwenyewe ndiye aliyeliandika jina hilo kwenye bango la gereji yake.

"Odeta!" aliita Malongo.

Ulikuwa wakati mbaya kuliko wote. Tumbo lilikuwa tayari linamtetemeka. Alitoa ngata ndani ya ovaroli, akaiweka utosini, akainama chini ya ukingo wa pipa, akalivuta sanduku likateleza juu yake. Akasimama. Uzito ulishuka kupitia shingo, mgongo, mpaka visiginoni, akaupokea.

"Haramu!" Matiasi alipiga kelele kutoka getini. "Mzee, kichwani haramu!"

Malongo akajikohoza. "Nilisema abebe mwenyewe. Kichwa hicho ni cha nani?"

"Ni chake!" Deodata alijibu kwa sauti ambayo kanisani haikuwahi kusikika.

Odeta akaanza kutembea. Wenzake walimjua, na njia ya kumshinda waliijua. Mmoja akalia kama mbuzi. Mwingine akaiga sauti ya padre: "Je, unamkubali Fideli kwa hiari yako?" Odeta akang'ata midomo. Akajaribu kufikiria mambo mazito. Akafikiria kaburi la babu yake. Akafikiria kodi. Akaanza litania ya watakatifu kimoyomoyo, akafika kwa Mtakatifu Petro, na pale getini macho yake yakakutana na ya Fideli. Fideli hakuwa akifanya mzaha wowote. Alikuwa amesimama tu, shingo imenyooka, macho mbele, anatembea papo hapo bila kusogea, akimbebea mkewe sanduku lisilokuwepo, na kidevu kinamtetemeka.

Basi. Kicheko kikatoka.

Kilimtikisa mabega. Kilimtikisa tumbo na makalio. Machozi yakamziba macho. Lakini Odeta alikuwa amepanda vilima vya Kasulo na maji kichwani akiwa anacheka, akiwa analia, akiwa anagombana na dada zake, na shingo ilikuwa imejifunza kazi yake peke yake zamani sana. Mwili ulicheka, shingo haikucheka. Miguu ilikwenda upogoupogo kama ya mlevi, na juu yake sanduku la kijani lilielea limetulia, halina habari. Aliwapita waliolia kama mbuzi, akazipita spana za Matiasi changaraweni. Akavuka geti. Fideli akalipokea sanduku, na hapo tu ndipo magoti yalipokwisha, Odeta akakaa chini katikati ya barabara akicheka kwa sauti yake yote, na wanawake wakapiga vigelegele mpaka Malongo akaziba masikio.

Nyumbani vyombo vilimwagwa juu ya mkeka, na Deodata, akiwa kitini mwake, akataka kujulishwa kila kimoja. Aliitikia kama mtu anayetambulishwa wakwe. Hii rachi. Hii tupa. Hili koleo.

"Na hii yenye mdomo wa kusogezwa?"

Odeta alimtazama mumewe. Fideli akatazama dari.

"Hiyo, mama, inafungua nati za kila saizi."

"Jina lake?"

"Inaitwa… spana malaya."

"Malaya?" Deodata aliiweka chini polepole. "Kwa nini?"

"Kwa sababu haichagui, mama."

Deodata alifikiri. Aliichukua tena, akaisogeza mdomo, ukapanuka, ukabana. "Maskini," alisema. "Labda ni mkarimu tu."

Fideli akatoka nje kupumua.

Baada ya wiki mbili walikuwa Nyakahura. Gereji yenyewe ilikuwa nguzo nne, bati moja na tairi lililosimamishwa kando ya lami kuwa bango. Siku ya gulio, jua likiwa limechangamka, wakasikia nyimbo na ngoma kabla hawajaona gari. Kisha ikatokea pikapu nyeupe iliyopambwa maua ya karatasi, mvuke unatoka mbele kama sufuria ya ugali, waimbaji wamejaa nyuma wanaendelea kuimba kana kwamba mvuke ni sehemu ya sherehe. Ikasimama usawa wa tairi lao.

Dereva, Idefonsi, kijana wa suti iliyomzidi, aliruka chini. "Fundi yuko wapi? Harusi ni Nyarubungo, padre anangoja!"

"Ni mimi," alisema Odeta.

Idefonsi alimtazama, akamtazama Fideli, akaitazama saa. "Basi njoo, dada, haraka!"

Odeta alifunua boneti. Bolti inayoshika oltaneta, ile inayochaji betri, ilikuwa imekatika na kudondoka zake. Oltaneta ilining'inia, mkanda wa feni umelegea, injini inachemka. Bolti ya aina ile hakuwa nayo. Fideli akakimbia kwa mwenye mashine ya kusaga unga, akarudi na bolti nene sawasawa ila ndefu kupita kiasi. Odeta aliibana kwa koleo, akaikata kwa msumeno wa chuma, akalainisha ncha kwa tupa, na waimbaji walipoona msumeno unakwenda mbele na nyuma wakauchukua mwendo wake wakautungia wimbo papo hapo:

*Kata, fundi, kata, bwana harusi anangoja!*

Bibi harusi hakuweza kukaa. Alikuwa binti mwenye mashavu ya kucheka, jina lake Akimana. Alishuka na shela lake, akalikunja kiunoni, akaja kusimama karibu. "Dada, nishike wapi?"

"Usishike popote, utachafuka!"

"Mimi nimechoka kukaa kama sanamu tangu alfajiri. Nipe cha kushika!"

Odeta akampa soksi ya kushoto. Akimana akachungulia ndani, akakuta vyuma, akapiga ukelele wa furaha, na kila aliyepita gulioni akamwona bibi harusi wa shela jeupe amesimama barabarani, soksi ya mpira mikononi, anachomoa boksi spana na kuuliza, "Hii? Hii? Hii je?" mpaka ikapatikana kumi na nne. Odeta akaisukuma oltaneta kwa ncha ya spana ya magurudumu mpaka mkanda ukakazika, akabana nati kwa pete upande mmoja na rachi upande wa pili. Maji yakamiminwa kwenye rejeta polepole. Injini ikawaka, ikatulia.

Ngoma zikapasuka. Odeta alirudi nyuma akifuta mikono, akitaka kuwaaga, lakini Akimana alimshika ovaroli.

"Na ikikatika tena mbele? Siendi bila fundi wangu."

"Ukweni kwako niende hivi?"

"Hivihivi!"

Wakampandisha mbele, katikati ya bibi harusi na dereva, mikono ameiinua juu ili isiguse shela, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Sanduku la kijani likapakiwa nyuma, mpiga ngoma akalikalia. Fideli aliwafuata kwa baiskeli akipiga kengele njia nzima, suruali ameikunja, shati linapepea.

Padre wa Nyarubungo alikuwa amekasirika kwa kuchelewa, lakini hasira ilimwishia alipoona anayeshuka kabla ya bibi harusi ni mwanamke wa ovaroli aliyeinua mikono. Misa ikasomwa. Odeta aliketi benchi la nyuma, na alicheka mara moja tu, kidogo, wakati wa pete.

Idefonsi alikuwa na mdomo mpana. Chakula kilipoanza kugawiwa, kila mwenye chombo cha moto pale harusini alikwisha sikia habari za fundi. Wa kwanza alikuja kwa adabu. "Samahani, dada, ukimaliza kula, njoo uisikilize yangu inavyokohoa." Wa pili hakungoja amalize. Odeta alifuata wito akiwa na sahani ya wali na nyama mkono mmoja, Fideli ameshika bisibisi nyuma yake, na huku ngoma zikiendelea akainamia injini ya lori kuukuu la mnunuzi wa ng'ombe, akasikiliza, akatafuna, akasikiliza tena. Sahani akaiweka juu ya mfuniko wa injini. Nyama ikabaki ya moto mpaka tonge la mwisho.